Darasa Likiitika Pamoja, Nani Anasoma?

Mpwa wangu yuko Darasa la Pili katika shule moja ya serikali. Likizo ya Juni alikuja nyumbani na kitabu chake cha kusoma, akakaa mkekani, akanisomea ukurasa mzima bila kukwama. Alisoma kwa ile sauti ya kuimba waliyozoea darasani, kidole kikifuata mistari. Nikafurahi. Halafu nikaona kidole kimefika mstari wa tatu wakati mdomo uko mstari wa tano. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa, "kisima", nikamwambia, "Baba, hebu soma hapa." Akaniangalia. Akarudi juu kabisa, akaanza kuimba upya ili afike pale, na alipofika hakujua kwamba amefika.

Mtoto yule hakunidanganya. Alifanya kile anachokijua kuwa ndiko kusoma: mwalimu anatamka, darasa linaitika, ukurasa unaingia kichwani. Kwa kuwa ana masikio mazuri na hana aibu, yeye ni miongoni mwa wanaoitika kwa nguvu zaidi. Mwalimu wake ana watoto tisini na kitu katika chumba kimoja, na hana sababu ya kumshuku. Macho yake yako kwa wale walionyamaza.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu siku ile, na nimekaa nyuma ya madarasa kadhaa ya chini kuona kama ni la mpwa wangu peke yake. Si lake peke yake. Kipindi cha kusoma katika Darasa la Kwanza na la Pili, kwa shule zetu nyingi za msingi Tanzania, kinaendeshwa kwa sauti ya wengi, na sauti ya wengi inamficha asiyejua kusoma. Tukitaka kila mtoto ajue kusoma, lazima kila mtoto asikilizwe peke yake na mtu mzima, mara kwa mara, kwa utaratibu unaojulikana. Naamini hili linawezekana hata katika darasa la watoto tisini, na hesabu yake nitaionyesha.

Kwanza tuingie darasani. Saa mbili na nusu asubuhi, watoto wanne au watano kwa dawati, wengine sakafuni. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, kaeni." Mwalimu ameandika ubaoni ma me mi mo mu, na chini yake mama, meme, mimi, momo. Anagusa kwa fimbo, wanasema. Anagusa tena, wanasema. Anamwita mtoto mmoja mbele, naye anashika fimbo na kuwaongoza wenzake, makofi yanapigwa. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Daftari zinatoka, wanaandika. Dakika thelathini zimekwisha. Katika kipindi kizima, mtoto aliyesikika peke yake ni yule mmoja wa fimbo, na mara nyingi huwa ni yule yule wa jana.

Silaumu kuitika. Sisi ni watu wa kiitikio. Ngano zetu zinaanza kwa paukwa na pakawa, na ngoma isiyo na wa kupokea hainogi. Mtoto wa miaka sita aliyetoka kijijini jana, anayeogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, anapata hifadhi katika sauti za wenzake. Wimbo wa irabu unamfundisha a e i o u haraka kuliko maelezo yoyote. Tatizo linaanza kuitika kunapokuwa ndiyo kazi nzima ya kipindi. Hata katika ngano, baada ya pakawa, watu wananyamaza na hadithi inaanza.

Kuna kundi jingine ambalo kuitika kunalifunika zaidi. Katika maeneo mengi ya Usukumani, Ugogoni au Umasaini, mtoto anaingia Darasa la Kwanza akiwa na Kiswahili kidogo mno cha dukani na mnadani. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, kama sera inavyotaka. Mtoto huyu anaweza kuitika mwaka mzima maneno asiyojua maana yake, na masikio ya mgeni aliyesimama mlangoni hayatatambua. Mwalimu anayeijua lugha ya mtoto humnong'oneza maana kwa lugha ya nyumbani, na ninawashukuru walimu wa namna hiyo. Ila mwalimu huyo atajua nani wa kumnong'oneza pale tu atakapokuwa amemsikia.

Taifa lenyewe liligundua ukubwa wa jambo hili kwa njia hiyo hiyo ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Watu wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa nchini mwaka 2010, walibeba karatasi rahisi sana: silabi, maneno, aya, na hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili. Mtoto anakaa na mtu mzima nyumbani kwao, anasoma. Hakuna mwenzake wa kumfuata mdomo. Ikaonekana kwamba watoto wengi walio Darasa la Tatu, na wengine wa madarasa ya juu zaidi, hawawezi kusoma hadithi ile. Miaka miwili baadaye serikali ikakiri kuwa kati ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza wamo maelfu wasiojua kusoma na kuandika. Watoto hao walikaa madarasani miaka saba. Waliitika kwa miaka saba, wakafanya mtihani wa kuchagua herufi ya jibu, wakavuka.

Mwaka 2013 wanafunzi wa Darasa la Pili walipimwa kitaifa, tena mmoja mmoja. Waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa hawakufika kumi katika kila mia. Hapo ndipo tulipoamka. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulipunguza masomo, ukatenga asilimia 80 ya muda kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK tatu, na ukasisitiza kufundisha sauti za herufi. Walimu wengi walipelekwa mafunzoni. Ulikuwa uamuzi sahihi, nami niliuunga mkono. Lakini muda zaidi wa kusoma, ukitumika kwa kuitika zaidi, unazaa waitikiaji hodari.

Jaribio la KiuFunza lililofanywa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti mwaka 2013 na 2014 linanisaidia kufikiri hapa. Lilihusisha shule 350 katika wilaya 10. Shule za kundi la kwanza zilipewa ruzuku ya ziada. Katika kundi la pili walimu wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu waliahidiwa bonasi kwa matokeo ya watoto wao katika stadi za awali. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu, ili liwe la kulinganishia. Ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya kujifunza. Ruzuku na bonasi vilipokwenda pamoja, matokeo yalipanda waziwazi. Wengi waliona hapo habari ya fedha. Mimi naona na jambo jingine: ile bonasi ilihesabiwa kwa mtoto mmoja mmoja, kwa stadi moja moja. Mwalimu alijua kwamba mwisho wa mwaka atakuja mtu kumkalisha kila mtoto na kumsikiliza. Vitabu vilivyonunuliwa kwa ruzuku vilipata sababu ya kufunguliwa.

Sasa, mwalimu akimsikiliza mtoto peke yake anasikia nini? Hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe, na wasiofundisha madarasa ya chini hawapajui.

Kiswahili ni lugha ya huruma kwa anayeanza kusoma. Irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Silabi nyingi zinaishia na irabu. Mtoto akishajua sauti za herufi na namna ya kuziunganisha, anaweza kutamka karibu neno lolote analokutana nalo. Mtoto anayeanza na Kiingereza hana bahati hiyo. Kwa hiyo mtoto wetu anapokwama, mara nyingi anakwama mahali panapojulikana, na kila mahali pana dawa yake.

Yupo anayetaja herufi moja moja, k, i, s, i, m, a, kisha hawezi kuzikunja kuwa neno. Huyu sauti anazo, muunganiko hana. Anahitaji kadi mbili mkononi, ki na si, azisogeze mpaka zigusane. Yupo anayekimbia vizuri kwenye baba na kalamu, akifika kwenye ng'ombe, nyumba, mbwa au kwanza anaruka au anabuni. Huyu tatizo lake ni konsonanti zinazofuatana, na hana haja ya kurudishwa kwenye ma me mi mo mu. Yupo anayechanganya b na d kwa sababu umbo ni lile lile limegeuzwa. Yupo anayesoma kura na kula kwa sauti moja, kwa kuwa lugha ya kwao haitenganishi r na l, na imla ikija anaandika barabara kwa l bila kujua amekosea nini. Yupo anayetazama herufi ya kwanza na picha, kisha anakisia.

Na yupo yule anayeteleza kama maji, sauti safi, vituo vimezingatiwa, ukimuuliza hadithi ilihusu nini anakutazama. Kiswahili kwa wepesi wake wa kutamkika kinazalisha wasomaji wa namna hii wengi, nao ndio hatari zaidi kwa sababu kila mtu anawapigia makofi.

Katika kuitika, watoto hawa sita wanasikika kama mtoto mmoja anayejua kusoma. Mwalimu anayewatibu wote kwa kurudia ukurasa wa jana hatendi kosa la uvivu. Hajapata nafasi ya kujua nani anaumwa nini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa namna ya kumsikia kila mmoja katika kundi kubwa. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani kote, tuna chuo, yaani madrasa. Watoto arobaini wamekaa mkekani, kelele imejaa, na mgeni anaweza kudhani ni vurugu. Lakini kila mmoja ana mahali pake katika msahafu au juzuu. Wa alifu kwa ujiti yuko kwenye alifu kwa ujiti, aliyefika mbele yuko mbele. Anadurusu kwa sauti yake, zamu yake ikifika anakwenda kukaa mbele ya mwalimu, anasoma somo lake. Akikosea anasahihishwa hapo hapo, na hasogei mpaka limekaa. Wakubwa wanawasikiliza wadogo. Hakuna anayesonga kwa kubebwa na sauti ya mwenzake.

Chuo nacho kina upungufu wake: mtoto anaweza kuhitimu kusoma Kiarabu asichoelewa. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Nasema ule utaratibu wa zamu, wa kila mtoto kuwa na mahali pake na siku yake ya kusikilizwa, tayari uko mikononi mwetu. Mwalimu wa Darasa la Pili wa Tanga au Bagamoyo huenda aliupitia mwenyewe alasiri akiwa mtoto, na asubuhi hii anafundisha kana kwamba hakuwahi kuuona.

Niliahidi hesabu. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tuache sera, tuchukue darasa la mpwa wangu, tuseme watoto 90. Kila mtoto akisoma dakika moja, ni dakika 90, vipindi vitatu vizima vya dakika 30. Mwalimu akiona hesabu hiyo anakata tamaa, anarudi kwenye fimbo na ubao. Lakini hakuna aliyesema wote wasome siku moja. Atenge dakika kumi kwa siku, watoto wanane, kila mmoja dakika moja na sekunde kidogo. Baada ya siku 12 za shule amewamaliza wote 90. Mwaka wa masomo una siku 194. Hata tukitoa siku za mitihani, za mvua, za mwenge na za mwalimu kuumwa, kila mtoto atakuwa amesikilizwa peke yake si chini ya mara kumi kwa mwaka. Ninafahamu watoto waliomaliza Darasa la Pili bila kusikilizwa hata mara tatu.

Watoto 82 waliobaki watafanya nini katika dakika hizo kumi? Hili ni swali la haki, na mwalimu yeyote aliyewahi kuligeuzia mgongo darasa la namna ile anajua kwa nini naliita la haki. Wataandika sentensi kutoka ubaoni. Watasomeana wawili wawili kwa kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi. Watapanga vizibo vya soda makumi na mamoja. Kelele itakuwapo. Mwalimu mkuu anayepita na kusikia kelele hiyo asidhani darasa limemshinda mwenye darasa. Naweka mkazo hapo kwa sababu nimewasikia walimu wakisema wazi kwamba wanapenda kuitikisha kwa kuwa darasa linaloitika linasikika, kwa aliye ofisini, kama darasa linalofundishwa.

Kinachohitajika kingine ni daftari moja la kurasa mia. Jina la mtoto, tarehe, alichosoma, alipokwama. Basi. Mwalimu anayeandika "ng' na ny bado" mbele ya jina, wiki mbili baadaye ana la kuanzia. Mikutano ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambayo sasa inafanyika shuleni penyewe, ndiyo mahali pa kulifungua daftari hilo na kusema, "Jamani, nina watoto kumi na wanne wanakisia kwa picha, nyinyi mnafanyaje?" Mazungumzo ya namna hiyo ni mafunzo ambayo hayahitaji ukumbi wala posho.

Hesabu, ile K ya tatu, ina ugonjwa ule ule, ingawa unaonekana haraka kidogo. Darasa zima litahesabu moja hadi mia kwa kuimba, bila kosa. Mwite mmoja, muulize kati ya 29 na 37 ipi kubwa, au umpe 42 kutoa 17 na vijiti mkononi. Utaona nani aliimba namba na nani anazijua.

Naharakisha jambo hili kwa sababu muda umebadilika. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024, kufuatia toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, unaipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Naona mantiki yake, hasa kwa kuwa elimu ya lazima inaongezwa hadi miaka kumi. Ila mtoto aliyekuwa akivuka Darasa la Pili bila kusoma alikuwa na miaka mitano mbele ya kuokotwa na mwalimu mmoja mwenye jicho. Sasa ana minne. Na kuanzia Darasa la Tatu masomo yanaongezeka, kitabu cha sayansi kinamtaka asome ili ajifunze, wakati yeye bado hajajifunza kusoma. Kila kipindi kinakuwa cha kuitika tu.

Na nani anapewa madarasa haya ya chini? Mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo ya mitihani, ule upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne na ule wa mwisho. Kwa hiyo walimu anaowaamini zaidi anawapeleka huko juu. Darasa la Kwanza linabaki kwa mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au aliyetofautiana na ofisi. Wapo kati yao walimu wa ajabu, akina mama hasa, ambao wamefundisha nusu ya kata kusoma na hawajawahi kuitwa jukwaani siku ya kugawa zawadi. Lakini mpangilio wenyewe ni kinyume cha mahitaji. Wathibiti ubora wakifika shuleni huomba andalio la somo na azimio la kazi, huyapitia, huweka sahihi. Ningependa waanze kwa kuingia Darasa la Pili, wachague majina matano kutoka daftari la mahudhurio, la kwanza, la ishirini, la arobaini, la sitini na la themanini, wawakalishe chini ya mwembe na kuwasikiliza. Taarifa ya ukaguzi ianzie hapo.

Wazazi tuna sehemu yetu, tena isiyo na gharama. Tangu michango ya lazima iondolewe Januari 2016, wengi tumejenga desturi ya kufika shuleni tunapoitwa tu, na ajenda tunayoijua ni uji, madawati na mlinzi. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kumkagua mwanawe: afunike picha, aweke kidole kwenye neno la katikati, amuulize linasemaje, kisha neno lile lile alitafute mahali pengine kwenye ukurasa. Mtoto akisoma vivyo hivyo mara zote mbili, mzazi ataona mwenyewe. Mpwa wangu tulifanya hivyo kila jioni kwa likizo nzima, dakika kumi tu, kabla ya chakula. Wiki ya tatu alisoma sentensi iliyosema mbuzi wa bibi amepotea, akaacha kusoma, akaniuliza, "Mjomba, walimpata?"

Kikao kijacho cha wazazi shuleni kwake ni mwezi ujao. Nimemwomba dada yangu aulize swali moja baada ya habari ya uji kwisha: mwanangu alisoma peke yake mbele yako lini kwa mara ya mwisho? Alitaka kujua kama mwalimu hatachukia. Nikamwambia aulize kwa adabu, na aende na daftari jipya la kurasa mia, kama mwalimu hana, ampe.